Jina Lile Lile, Diski Nyingine

(Hotuba nzima iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya mafundi wa kompyuta, wauzaji wa vifaa na maofisa ununuzi. Imewekwa hapa kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizorushwa ukutani zimeachwa. Amri zilizotajwa kwa mdomo zimeandikwa kamili.)

Mafundi wenzangu, wafanyabiashara wa vifaa, na ninyi ndugu zetu wa idara za ununuzi mliokaa safu ya nyuma kabisa kana kwamba mmeshajua mtasemwa: habari za asubuhi.

Nianze na swali. Ukinunua SSD, ile diski ya kompyuta inayotunza data kwenye chipu, umenunua nini?

Usiniambie umenunua terabaiti moja. Hiyo ni nafasi. Usinitajie kampuni, hiyo ni stika. Nauliza kilichomo ndani. Chipu za kumbukumbu ni za nani, zina tabaka ngapi, kila seli inabeba biti ngapi? Kontrola, ile chipu inayoziongoza nyingine, ni ipi? DRAM, kumbukumbu ya haraka ya kuisaidia kontrola, ipo au haipo? Anayejua, kwa diski iliyomo kwenye kompyuta yake sasa hivi, anyooshe mkono. Naona mikono minne. Mmoja unashuka.

Hao watatu waliobaki nawauliza tena: mmejuaje? Mmesoma mahali. Na mlichokisoma kiliandikwa wiki bidhaa ilipozinduliwa, na mtu aliyepewa diski ya kupima na kampuni yenyewe. Diski yenu imetoka kiwandani mwaka mmoja na nusu baadaye. Jina lile lile, boksi lile lile, hata picha iliyo juu ya boksi ni ile ile. Je, diski ni ile ile?

Mitaani tuna maneno ya biashara ya namna hii: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini hapa kuna ufundi zaidi kidogo. Mbuzi wa kwanza alitolewa kwenye gunia, akaonyeshwa watu wote, akapimwa uzito mbele ya mashahidi, kisha akarudishwa. Aliyemo kwenye gunia lako ni ndugu yake.

Tuwataje kwa majina, maana mambo haya yako hadharani na si siri tena.

Mwaka 2013 kulikuwa na SSD ya bei nafuu iliyopendwa sana, Kingston SSDNow V300. Mliokuwa mnafufua laptopu za zamani enzi hizo mnaikumbuka. Wapimaji waliipokea vizuri. Ndani yake kulikuwa na kontrola ya SandForce SF-2281 na chipu za NAND, yaani zile za kumbukumbu, za Toshiba za nanomita 19, zile zinazopokea data kwa mdundo mmoja na kontrola. Baadaye, bila tangazo, V300 zikaanza kutoka na chipu za Micron za nanomita 20 za aina isiyo na mdundo wa pamoja. Fikirieni watu wawili wanarushiana matofali. Wakiimba wimbo mmoja, mrushaji anarusha na mdakaji anadaka bila hata kutazamana. Wimbo ukikatika, kila tofali linahitaji kwanza "uko tayari?" na "niko tayari." Matofali ni yale yale, mikono ni ile ile, kazi inachelewa. Mwaka 2014 jambo hili likafichuka, na wenye V300 wakaanza kuchungulia namba ya famuwea, programu iliyomo ndani ya diski, kujua wameangukia kundi gani.

Sasa sikilizeni sehemu tamu. Kwenye boksi iliandikwa kasi ya kuandika ni hadi megabaiti 450 kwa sekunde. Baada ya chipu kubadilishwa, je, namba hiyo ikawa uongo? Haikuwa. Kontrola ya SandForce ilikuwa na tabia ya kubana data kabla ya kuiandika. Namba ya kwenye boksi ilipimwa kwa programu ya ATTO, ambayo huandika data nyepesi ya kujirudia, sifuri tupu. Sifuri ukizibana hubaki karibu na hakuna, kwa hiyo diski ilikuwa inaandika kidogo na kuhesabiwa kingi. Ukiipa picha za JPEG, video au faili za ZIP, vitu ambavyo vimeshabanwa tayari, hapo ndipo chipu zenyewe zilitakiwa kufanya kazi, na hapo ndipo tofauti ilitokea.

Namba ilikuwa kweli. Diski ilikuwa nyingine.

Neno la kuliangalia pale ni moja dogo: "hadi". Hadi 450. Hadi 3,500. "Hadi" maana yake haitazidi hapo. Haisemi haitashuka wapi. Nafasi yote kati ya "hadi" na ukweli wa kazi yako, hiyo ndiyo nafasi ambayo kiwanda kinaweza kubadilisha vitu bila kufuta hata herufi moja kwenye boksi. Na leo nafasi hiyo imepata jina la kiufundi. Inaitwa kache ya SLC.

Hili inabidi nilieleze taratibu, kwa sababu bila hilo mengine yote hayaeleweki.

Seli ya NAND ni kama debe. Kwenye SLC debe lina hali mbili tu, tupu au limejaa, biti moja. Kwenye MLC kuna alama 4, biti mbili. TLC alama 8, biti tatu. QLC alama 16, biti nne. Kujaza debe au kuliacha tupu ni kazi ya sekunde: unamwaga, umemaliza. Lakini nikikuambia jaza hadi alama ya 11 kati ya 16, wala usivuke, utamwaga kidogo, uinamie uangalie, uongeze kwa kijiko, uangalie tena. Ndivyo kontrola inavyofanya kwenye QLC. Inaandika, inapima, inaongeza. Ndiyo maana QLC inaandika polepole, na ndiyo maana inachoka mapema pia, kwa kuwa debe likilegea kidogo tu alama ya 11 inasomeka kama ya 10.

Viwanda vikapata mbinu, na mbinu yenyewe ni nzuri, nisiwasingizie. Sehemu ya diski inatumiwa kwa muda kama SLC, na hiyo ndiyo kache. Data inaingia haraka kwenye madebe ya "tupu au limejaa", halafu diski ikitulia inaihamisha polepole kwenye alama 8 au 16. Ukinakili faili la GB 5, huoni chochote isipokuwa kasi. Kipimo kifupi cha GB 1 kinachofanywa na programu nyingi za kupima, nacho hakioni chochote isipokuwa kasi. Kache ikijaa, ndipo unakutana na chipu uso kwa uso.

Turudi kwenye visa. Crucial P2 ilizinduliwa 2020. Diski waliyopima watu ilikuwa na TLC. Mwaka 2021 ikagundulika kwamba zinazouzwa zina QLC. Ile ya GB 500, kache ikishajaa, TLC ilikuwa inaandika karibu MB 450 kwa sekunde. Yenye QLC ikashuka hadi karibu MB 40. Arobaini, ndugu zangu! Hiyo ni kasi ya USB 2.0, kwenye diski ya NVMe, zile SSD zinazouzwa kwa sifa ya kasi.

Mnajua hiyo inamgusa nani? Si mtu wa ofisini anayeandika barua. Inamgusa mpiga video wa harusi aliyerudi na kadi zenye GB 200 usiku wa Jumamosi. Kwa MB 450 anasubiri kama dakika 7 na nusu. Kwa MB 40, saa moja na dakika 23. Diski jina moja, risiti jina moja. Na kwenye karatasi ya vipimo ile GB 500 iliandikwa hadi MB 940 kwa sekunde kuandika, namba ambayo ndani ya kache inafikiwa vizuri tu.

Lakini karatasi hiyo hiyo ilikuwa na dalili, na hapa nawasemesha wa ununuzi. Kuna safu inaitwa TBW, terabaiti ambazo waranti inakuruhusu kuandika. P2 ya GB 500 iliandikwa TBW 150. Mshindani wake wa rika moja, WD Blue SN550 ya GB 500, ilikuwa na 300. Kampuni inapotoa TLC huku ikijiwekea waranti nusu ya jirani, jiulize kwa nini imejiachia nafasi kubwa hivyo. Diski ya TLC iliyopewa waranti ya QLC ni diski iliyokwisha kupakiwa mizigo tayari kwa safari.

Mwaka 2021 kwa kweli ulikuwa mwaka wa kuumbuana. Februari ilikuwa Adata XPG SX8200 Pro. Ilizinduliwa na kontrola ya Silicon Motion SM2262EN inayokwenda kwa MHz 650. Zilizofuata zikaja na SM2262G ya MHz 575, na chipu za NAND zikabadilika zaidi ya mara moja. Agosti, P2 niliyoitaja. Agosti hiyo hiyo wapimaji wa China wakaikamata SN550 yenyewe, ile niliyoitolea mfano mzuri sasa hivi, mbona mnacheka? Chipu zilibadilishwa mwezi Juni, na kasi baada ya kache ikashuka kutoka MB 610 hadi 390 kwa sekunde. Western Digital wakakiri, wakasema kuanzia hapo mabadiliko yakigusa vipimo vilivyotangazwa, bidhaa itapewa namba mpya ya modeli. Angalieni maneno yalivyokatwa: vipimo vilivyotangazwa. Kasi baada ya kache haikuwa imetangazwa tangu mwanzo.

Kisha, mwisho wa Agosti, Samsung 970 EVO Plus. Hiki kisa nakipenda kwa sababu kinatulazimisha kuwa waadilifu. Walibadilisha kontrola kutoka Phoenix kwenda Elpis, ile ya 980 Pro, na NAND mpya. Kwenye ile ya TB 1, kache ilipanda kutoka GB 42 hadi GB 115. Kasi baada ya kache ikashuka kutoka karibu MB 1,500 hadi 800. Sasa niambieni: imekuwa bora au mbaya?

Inategemea unanakili nini. Nimefanya hesabu ya kalamu, nikichukulia ndani ya kache zote zinaandika MB 3,300. Faili la GB 100: ya zamani sekunde 51, mpya 30. Faili la GB 200: ya zamani kama sekunde 118, mpya 141. Zinakutana kwenye GB 160 hivi. Kwa hiyo kwa wengi waliomo humu, mpya ni bora, na ningeinunua. Samsung walibadilisha pia namba ya sehemu kwenye lebo, MZVLB1T0HBLR ikawa MZVL21T0HBLU, na karatasi ya vipimo ikasahihishwa. Kilichobaki vile vile ni jina kubwa la mbele ya boksi, ambalo ndilo pekee mnunuzi analosoma.

Kwa nini wanafanya hivi? Kuna anayeniambia ni wizi tu. Sikubali. Chipu za NAND zinabadilika kizazi kila mwaka au miaka miwili: tabaka 64, 96, 128, 176. Kiwanda kikihamia tabaka mpya, zile za zamani hazitengenezwi tena, hata ukilia. Mwaka 2021 kulikuwa na uhaba wa chipu duniani, kiwanda cha Samsung kule Austin, Texas, kilizimika mwezi Februari kwa dhoruba ya baridi, na halafu wachimbaji wa Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa kujaza diski, wakafagia diski madukani. Kampuni ambayo haina kiwanda chake cha NAND, inayonunua sokoni kama sisi tunavyonunua vitunguu, inachukua kilichopo.

Na kuna jambo moja la kiufundi linalowachanganya wengi: chipu mpya zaidi inaweza kuwa na kasi ndogo zaidi hata kama ni TLC ile ile. Makuli bandarini wanaweza kulieleza. Diski ya GB 500 ukiijenga kwa vipande vya silikoni vya gigabiti 256, unahitaji vipande 16. Vya gigabiti 512, vinane. Vya terabiti 1, vinne. Kila kipande ni kuli. Kontrola inawagawia mizigo wote kwa pamoja. Kuli mpya ana nguvu kuliko wa zamani, sawa, lakini ulikuwa na kumi na sita, sasa unao wanne. Ndiyo maana diski ndogo ndizo zinazoumia zaidi kwenye mabadiliko haya, na ndiyo maana anayepima ya TB 2 na kukuandikia kwamba hajaona tofauti hajakudanganya. Hajapima yako tu.

Kwa hiyo kubadilisha si kosa. Kosa ni kunyamaza. Kingston wenyewe, kwenye NV2 ambayo wauzaji mliomo humu mmeiuza mpaka mmechoka, hawakutangaza kontrola wala aina ya NAND. Zimekutwa zenye kontrola za Phison na za Silicon Motion, zenye TLC na zenye QLC. TB 1 imeandikwa hadi 3,500 kusoma, hadi 2,100 kuandika, TBW 320, basi. Anayenunua NV2 ananunua bahati nasibu, lakini angalau tiketi imeandikwa "bahati nasibu".

Nisiwaache wa diski za sumaku mkidhani mmepona. Kisa chenu ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote.

Aprili 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6, diski zinazouzwa mahsusi kwa ajili ya NAS, yaani sanduku la diski la kutunza mafaili kwenye mtandao, zinatumia SMR. SMR ni nini? Nendeni mkaangalie paa la makuti. Kila safu ya makuti imelaliwa na safu ya juu yake. Paa linatumia nafasi vizuri, maji hayapiti. Lakini kuti la chini likioza, huwezi kulichomoa peke yake. Unainua la juu yake, na la juu ya hilo, mpaka ufike. SMR inapanga njia za data hivyo hivyo. Kusoma hakuna shida. Kubadilisha njia moja katikati kunailazimu diski iandike upya fungu zima. CMR, mtindo wa kawaida, ni paa la bati lisilolaliana: unatoa moja, unarudisha moja.

Diski hizo zilijificha. Kompyuta haikuambiwa kwamba ni SMR; diski ilijisimamia yenyewe ndani. Na mnajua mnunuzi aliona nini kwenye lebo? Modeli ya zamani, WD40EFRX, ilikuwa na kache ya MB 64. Mpya, WD40EFAX, MB 256. Mara nne! Nani angelalamika? Kumbe kache kubwa iliwekwa kwa sababu SMR inaihitaji ili ipumue.

Shida ilijitokeza diski moja ilipokufa kwenye kundi la RAID, diski kadhaa zinazotunza data kwa pamoja ili moja ikifa data ibaki, ikawekwa mpya, mfumo ukaanza kuijenga upya. Wapimaji waliojaribu WD40EFAX kwenye RAIDZ, RAID ya mfumo wa mafaili wa ZFS, walisubiri karibu saa 230. Siku tisa na nusu. Diski za CMR zilimaliza ndani ya siku moja. Siku tisa na nusu, kundi likiwa limepungukiwa diski, likiomba Mungu nyingine isife. Na mara nyingine mfumo haukusubiri: uliona diski haijibu, ukaitupa nje ya kundi.

Juni mwaka huo kampuni ikagawa majina: Red ikabaki ya SMR, Red Plus ikawa CMR. Kesi ya wanunuzi Marekani ikaisha kwa dola milioni 2.7. Ninyi wa NAS, kumbukeni tu herufi: EFRX na EFAX, na kuanzia TB 2 hadi 6 usinunue kwa rangi ya lebo.

Sasa niwageukie hao wa safu ya nyuma.

Zabuni zenu zinaandikwa hivi: "SSD NVMe TB 1, kasi ya kusoma isiyopungua MB 2,000 kwa sekunde." Kila diski ya NVMe niliyoitaja leo inafaulu hapo. Kila moja! Andikeni tabia. Andikeni: "Diski iandikwe mfululizo kutoka tupu hadi kujaa, kwa data isiyobanika, wastani wa kila dakika usishuke chini ya MB 400 kwa sekunde." Andikeni TBW, isipungue 600 kwa TB 1. Andikeni diski zote za fungu moja ziwe na namba ya sehemu moja na famuwea moja. Kwa diski za sumaku andikeni neno CMR kwa herufi kubwa. Na mkinunua diski nane za RAID, nunueni kumi siku hiyo hiyo. Ya akiba utakayoitafuta baada ya miaka miwili kwa jina lile lile ndiyo itakayokuwa ya ukoo mwingine.

Tuingie kwenye kupima. Wenye kalamu, andikeni.

Kabla ya kuchana boksi, piga picha pande zote, na ukitoa diski piga picha lebo: modeli, namba ya sehemu, tarehe ya kutengenezwa. Mwenye duka asikudharau kwa hilo. Siku ya kurudisha mtaelewana kwa picha. Usibandue stika iliyofunika chipu ili uangalie NAND kwa macho. Kwa kampuni nyingi waranti inaondoka na stika.

Chomeka, soma utambulisho. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo. Kwenye Linux:

sudo smartctl -a /dev/nvme1

Andika famuwea. Angalia saa za kuwaka na jumla ya data iliyoandikwa. Diski mpya huwa karibu na sifuri. Ukikuta saa 4,000, tatizo lako si chipu kubadilishwa, umeuziwa iliyotumika, na hiyo ni hotuba ya siku nyingine. Zipo pia programu ndogo za flash id, kila familia ya kontrola na yake, zinazosoma utambulisho wa NAND moja kwa moja na kukuambia TLC au QLC. Ziendeshe diski ikiwa tupu tu, maana diski nyingine huganda.

Halafu kipimo chenyewe. Kwanza lsblk, uhakikishe ni diski ipi, kwa sababu amri hii inafuta kila kitu bila kukuuliza:

sudo fio --name=jaza --filename=/dev/nvme1n1 --rw=write --bs=1M --iodepth=8 --ioengine=libaio --direct=1 --refill_buffers --write_bw_log=jaza --log_avg_msec=1000

Msitumie dd na /dev/zero. Mnakumbuka V300 na sifuri zake. Hapo refill_buffers inahakikisha data haibaniki wala kujirudia. Mtu ataniuliza, je, si ninaichosha diski? Kuijaza mara moja GB 500 yenye TBW 150 ni sehemu 1 kati ya 300. Ni bei ndogo kuliko ya bodaboda ya kurudi dukani.

Itabaki faili inaitwa jaza_bw.1.log. Safu ya kwanza ni muda kwa milisekunde, ya pili ni kasi kwa KiB. Gawanya kwa 1,024. Ifungue kwenye jedwali, chora grafu. Utaona uwanda wa juu, hiyo ni kache. Kisha genge, kasi inaporomoka. Uwanda wa chini ndio diski uliyonunua. Ya TLC yenye afya hukaa mamia ya MB. Ikikaa makumi, umeshajua. Ukimaliza, sudo blkdiscard /dev/nvme1n1, usiiache imejaa.

Ila msikimbilie kumlaumu mwenye duka. Diski ya NVMe ikifika nyuzi 70 na kitu hujipunguza kasi yenyewe kwa joto, na grafu itakuwa na meno ya msumeno: juu, chini, juu, chini. QLC haina meno. Inashuka na kukaa. Elekeza feni, pima tena. Angalia pia lspci -vv kwenye mstari wa LnkSta: ikisema Width x2 badala ya x4, yaani njia mbili za data badala ya nne, laptopu ndiyo inayobana. Na kama umetumia kasha la USB, hakikisha halikuingia kwenye tundu la USB 2.0, kwa sababu MB 40 za tundu na MB 40 za QLC zinafanana kama mapacha. Tofauti ni kwamba tundu linaanza na 40 tangu sekunde ya kwanza.

Hao walionipa mkono wakati naingia na bahasha zenye diski ndani: meza ya kupimia iko pale karibu na mlango, jina la kwanza kwenye orodha ndilo litakaloanza. Ni ya GB 500, na mwenyewe anaapa ni TLC. Ikiwa ni kweli, kwa MB 450 tutakuwa tumeijaza kwa dakika 19, kabla chai haijapoa. Ikiwa ni ya MB 40, ni saa tatu na nusu; basi tutaonana baada ya chakula cha mchana.